Vaucouleurs hadi Orléans, 1429: safari ya Jeanne d'Arc siku kwa siku

Anayetaka kuielewa safari hii aanze na ramani. Sauti za mbinguni na malaika ambao Jeanne alisema ndio waliomtuma, tuwaweke kando. Mji wa Orléans uko ukingo wa kaskazini wa mto Loire, Ufaransa. Daraja la mawe lenye matao 19 liliuunganisha na ukingo wa kusini, na kwenye ncha ya kusini ilisimama ngome ya minara miwili, Les Tourelles. Jeshi la Waingereza lilifika tarehe 12 Oktoba 1428. Tarehe 24 likaiteka Les Tourelles, na wenyeji wakabomoa sehemu ya daraja lao wenyewe ili adui asivuke. Muda mfupi baadaye kamanda wa Waingereza, Earl wa Salisbury, alijeruhiwa na pigo la mzinga kutoka mjini akiwa dirishani mwa ngome hiyohiyo, akafa. Uongozi ukabaki kwa Suffolk, Talbot na Scales.

Hao walijenga maboma ya udongo na magogo kuuzunguka mji. Mengi yalikuwa magharibi na kaskazini magharibi, machache kusini ya mto, na mashariki lilikuwa moja tu, Saint-Loup, kilomita 2 hivi nje ya ukuta. Watu wao hawakutosha kulifunga duara. Kupitia pengo hilo la mashariki mji uliendelea kupata leo nguruwe kadhaa, kesho magunia machache ya nafaka. Tarehe 12 Februari 1429 Wafaransa walijaribu kuuvamia msafara wa chakula cha Waingereza huko Rouvray wakashindwa vibaya. Mapigano hayo yakaitwa ya samaki, kwa sababu magari yalikuwa yamebeba mapipa ya samaki wa chumvi wa Kwaresima. Baada ya hapo wakubwa kadhaa wa kijeshi waliondoka Orléans, na raia wakaachwa na ukuta wao.

Kisiasa hali ilikuwa mbaya zaidi. Mkataba wa Troyes wa mwaka 1420 ulikuwa umempa mfalme wa Uingereza urithi wa taji la Ufaransa, Paris ilikuwa mikononi mwa Waingereza na washirika wao Waburgundi, na Charles, mrithi aliyenyang'anywa haki yake, alijificha kusini ya Loire bila fedha wala imani. Jeanne, ambaye Wakatoliki wetu wanamjua kama Mtakatifu Yoana wa Arc, alizaliwa Domrémy, kijiji cha mpakani. Mwaka 1428 wanakijiji wote walilazimika kukimbia na mifugo yao hadi Neufchâteau. Alikuwa na miaka 17 hivi alipoanza safari. Mengi ya yanayofuata yalisemwa kwa kiapo, ama naye mwenyewe mbele ya mahakimu wake mwaka 1431, ama na wenzake mwaka 1456, hukumu yake ilipotenguliwa.

Februari 1429: Vaucouleurs hadi Chinon, siku 11

Kapteni wa Vaucouleurs, Robert de Baudricourt, alikuwa amemfukuza mara mbili kabla ya kukubali. Watu wa mji ndio waliomvalisha: nguo za kiume, viatu vya kupandia farasi na vichokoo vya kumchochea farasi. Mume wa binamu yake alisema farasi aligharimu faranga 12. Baudricourt alitoa upanga, na neno moja la kumuaga: nenda, na litakalokuwa liwe.

Msafara ulikuwa wa watu saba: Jeanne, Jean de Metz, Bertrand de Poulengy, watumishi wao wawili, mjumbe wa mfalme Colet de Vienne na mpiga upinde mmoja. Colet ndiye aliyekuwa wa thamani kuliko wote, maana alishaipita njia hiyo. Walikuwa na zaidi ya kilomita 500 za kukata, na theluthi mbili za mwanzo zilikuwa chini ya Waburgundi au vikundi vya askari visivyo na bwana. Ukigawanya unapata kilomita 45 na ushei kwa siku, wakati wa baridi, kwenye tope, bila farasi wa akiba. Si mwendo wa mchezo. Farasi mmoja akichechemea tu, kundi zima linapunguza mwendo.

Walitembea zaidi usiku. Usiku wa kwanza waliishia kwenye monasteri ya Saint-Urbain, karibu na mto Marne. Mbele yao kulikuwa na Aube, Seine na Yonne, zote zikiwa na maji mengi ya msimu huo. Hapo ndipo penye mtego wa njia hii: madaraja yana walinzi, na vivuko vya miguu havionekani gizani. Kuficha sura ya msichana kulisaidia kidogo tu, kwa sababu wapanda farasi saba wenye silaha wanatiliwa shaka popote, awe wa kike au wa kiume. Njiani Jeanne alitaka kusali Misa kila siku. Wenzake walimruhusu mara mbili tu, kwa kuhofia kutambuliwa, na mojawapo ilikuwa Auxerre, katikati ya mji wa adui, kanisani mbele ya watu wote. Usiku alilala kati ya de Metz na de Poulengy, nguo zake zikiwa zimefungwa kamba barabara. Wote wawili waliapa baadaye kwamba hawakuthubutu hata kumwaza vibaya.

Gien walifika kwenye Loire na kwenye ardhi ya Charles. Kutoka hapo habari zilitangulia hadi Orléans: kuna mwanamwali amepita, anasema atauvunja mzingiro. Aliyekuwa akiulinda mji, Jean, mwana wa nje ya ndoa wa nyumba ya Orléans (historia inamwita Dunois), akatuma watu wawili kwenda kuuliza. Sainte-Catherine-de-Fierbois msafara ulisimama, Jeanne akasali Misa tatu kwa siku moja na kuandikisha barua kwa Charles kuomba kupokewa. Kisha Chinon, alikokuwa Charles, mchana.

Machi na Aprili: Chinon, Poitiers, Tours

Wiki hizi ni za mahojiano na maandalizi. Wanatheolojia wa Poitiers walimhoji kwa wiki tatu hivi na hawakupata kosa. Tarehe 22 Machi aliandikisha barua kwa mfalme wa Uingereza na makamanda wake: rudisheni funguo za miji mliyoichukua, mwende kwenu.

Tours ndipo alipovishwa vita. Hesabu za hazina zinaonyesha livre 100 za Tours (fedha ya wakati ule) kwa deraya yake, vazi la vita la chuma, na livre 25 kwa mchoraji Hauves Poulnoir kwa kitambaa na uchoraji wa bendera mbili, kubwa na ndogo. Deraya kamili ya wakati ule ilikuwa na kilo 20 hadi 25. Uzito unagawanyika mwilini, kwa hiyo mtu anaweza kupanda ngazi nayo. Kinachomchosha ni joto, na kuivaa saa nyingi kabla mwili haujaizoea. Hilo litamkuta siku chache mbele.

Upanga mpya aliuagiza kwa barua kutoka Fierbois: chimbeni karibu na altare. Ulipatikana una kutu na alama za misalaba mitano, na kutu ikatoka kwa kusuguliwa kidogo. Wakuu wa dini walimtengenezea ala mbili za kupendeza, ya mahameli nyekundu na ya kitambaa cha dhahabu. Yeye akatengenezesha ya tatu, ya ngozi ngumu. Anayejua mvua na tandiko la farasi anaelewa kwa nini. Hata hivyo alisema bendera aliipenda mara arobaini kuliko upanga, na kwamba aliibeba mwenyewe wakati wa kushambulia ili asimuue mtu. Alikana katakata kuwahi kuua.

Alipewa pia watu wake: Jean d'Aulon msimamizi wa silaha, Louis de Coutes mtumishi kijana, na Padre Jean Pasquerel.

Jumatano, 27 Aprili: kutoka Blois

Kutoka Blois hadi Orléans ni kilomita 60 hivi, na njia ni mbili. Ya kaskazini ni nyepesi kwa magari, ila inapita Beaugency na Meung zilizoshikwa na Waingereza, kisha inakufikisha kwenye boma lao kubwa la Saint-Laurent. Ya kusini inapita Sologne, nchi ya misitu, mchanga na madimbwi, penye adui wachache. Makapteni walichagua kusini. Jeanne alidhani anapelekwa moja kwa moja mbele ya Talbot. Hakuna aliyemfafanulia.

Mapadre walitangulia wakiimba Veni Creator, nyuma yao askari, kisha magari ya nafaka na makundi ya ng'ombe, kondoo na nguruwe. Mwendo wa msafara wa namna hii unaamuliwa na mifugo: ukiiswaga, inakonda na kuanguka kabla haijaliwa. Usiku wa kwanza Jeanne alilala na deraya yake porini, akaamka amechubuka na kuumia mwili mzima. Wakongwe walijua kulegeza mikanda. Yeye hakujua bado.

Alhamisi, 28 Aprili

Mwendo tu, na usiku wa pili porini.

Ijumaa, 29 Aprili: Chécy, na kuingia mjini

Msafara ulipita mbele ya Orléans upande wa pili wa mto, mji ukionekana, kisha ukaendelea mashariki hadi mkabala wa Chécy, kilomita 10 hivi juu ya mto. Mpango ulikuwa huu: mashua zitoke mjini, zipande mto hadi hapo, zipakie, zishuke na mkondo hadi Orléans. Kushuka hakuna shida. Kupanda ndiko kwenye kazi. Mashua za Loire zilikuwa bapa, zenye tanga kubwa la mraba, na dhidi ya mkondo zinahitaji upepo wa magharibi. Siku hiyo upepo ulikuwa wa mashariki. Mtu wa pwani aliyewahi kukaa forodhani akingoja kusi igeuke hahitaji maelezo zaidi.

Dunois alivuka kumpokea, akapokewa kwa ukali. Wewe ndiye uliyeshauri niletwe upande huu badala ya kule aliko Talbot? Akajibu ndiye, yeye na wenye busara kuliko yeye. Jeanne akamwambia shauri la Mungu lina busara kuliko lao. Kwa upande wa ramani, ugomvi huu kila mmoja alikuwa na haki yake: njia ya kusini ilikiokoa chakula, na njia hiyohiyo ikaliacha jeshi upande usiofaa wa mto.

Kisha upepo ukageuka. Dunois aliapa miaka 27 baadaye kwamba kuanzia saa hiyo alimwekea binti huyu matumaini. Matanga yakapandishwa, mashua zikapita chini ya Saint-Loup wakati askari wa mjini wakilishambulia boma hilo ili walinzi wake wasipate nafasi ya kutazama mtoni, zikapakia na kushuka salama. Lakini hazikutosha kuvusha jeshi zima na farasi wake. Likaamriwa kurudi Blois, livuke kwa daraja la kule, lije upya kwa kaskazini. Jeanne alikubali kwa shingo upande kuachana nalo, akavuka na wapiganaji 200 hivi wa mikuki.

Aliingia saa mbili usiku kupitia Lango la Bourgogne, lile la pengo la mashariki. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone, na ndivyo watu wa Orléans walivyompokea: walisongamana na mienge hadi mwenge mmoja ukaunguza bendera ndogo. Akamgeuza farasi kwa kichokoo na kuuzima moto mwenyewe, kwa wepesi uliowashangaza askari. Alifikia kwa mweka hazina Jacques Boucher. Chakula cha usiku: vipande vichache vya mkate vilivyochovywa kwenye divai iliyotiwa maji mengi.

Jumamosi, 30 Aprili

Alitaka kushambulia. Dunois alitaka kungoja jeshi. Kapteni La Hire na wengine wakaenda kupapurana na boma la Saint-Pouair bila kumwambia, wakarudi bila kitu. Jioni Jeanne alisimama penye kizuizi cha Belle-Croix, juu ya daraja, na kuwapigia kelele walinzi wa Les Tourelles wasalimu amri waokoe roho zao. Kamanda wao, William Glasdale, akamjibu kuwa yeye ni mchunga ng'ombe tu, na kwamba wakimshika watamchoma moto.

Jumapili hadi Jumanne, 1 hadi 3 Mei

Dunois aliondoka kwenda Blois kuliharakisha jeshi, kwa hofu kwamba makapteni wangetawanyika. Jeanne na La Hire walisimama uwanjani na kikosi hadi alipopita salama. Waingereza hawakutoka mabomani. Mjini, umati ulikaribia kuvunja mlango wa Boucher kwa kutaka kumwona, ikabidi azunguke mitaani.

Jumatatu alitoka nje ya ukuta kukagua maboma ya adui moja baada ya jingine, raia wakimfuata nyuma kama wanaokwenda sokoni. Hakuna aliyerushiwa kitu cha maana. Watu wakachukulia kuwa muujiza. Huenda ni kwamba Waingereza walikuwa wachache kuliko walivyotaka kuonekana. Jumanne maandamano ya Msalaba Mtakatifu, na vikosi vidogo vikawasili kutoka Montargis na Gien.

Jumatano, 4 Mei: Saint-Loup

Asubuhi Jeanne alitoka na watu 500 hivi kulipokea jeshi kutoka Blois. Lilipita kweupe mbele ya maboma ya kaskazini, tena na mapadre wakiimba, na hakuna Mwingereza aliyetoka. Wiki moja kabla yake makapteni waliogopa njia hiyohiyo.

Mchana Dunois alimletea habari kwamba kamanda Mwingereza Fastolf anakuja na msaada. Jeanne, kwa utani wenye meno, akamwambia akipita bila mimi kujua nitakukata kichwa. Akalala kupumzika. Ghafla akaruka kitandani: vita vimeanza na hakuna aliyemwambia. Akamfokea Louis de Coutes kwamba damu ya Ufaransa inamwagika naye yuko kimya. D'Aulon akamvalisha deraya, akapanda farasi, na bendera akapitishiwa dirishani kwa sababu ilisahaulika juu. Akapiga mbio hadi Lango la Bourgogne. Langoni alikutana na majeruhi wa kwanza wakibebwa.

Askari walikuwa wamelivaa Saint-Loup bila mpango na walikuwa wanarudishwa nyuma. Alipotokea na bendera wakageuka. Shambulio lilichukua saa tatu hivi. Talbot alijaribu kutoka upande wa kaskazini kusaidia. Mlinzi wa mnara wa mjini akapiga kengele, na kikosi cha watu 600 kikatoka kumzuia, akarudi. Kumbukumbu ya mzingiro inataja Waingereza 114 waliouawa na 40 waliokamatwa. Baadhi walitoka wamevaa kanzu za mapadre walizozikuta kanisani, na Jeanne akazuia wasiguswe. Boma likachomwa.

Faida yake ilikuwa hii: barabara ya mashariki na mto wa juu vilikuwa wazi kabisa. Lisingekuwepo ushindi huu, kuvuka kwenda kusini siku mbili baadaye kungekuwa hatari, adui akiwa mgongoni.

Usiku huo Jeanne alilia. Hakuwahi kuona wafu wengi namna ile, na wengi walikuwa wamekufa bila kuungama.

Alhamisi, 5 Mei: Kupaa kwa Bwana

Hakuna mapigano, kwa amri ya Jeanne. Makapteni walifanya baraza bila yeye, wakamwita mwishoni na kumpa nusu ya mpango: kwamba watalishambulia Saint-Laurent magharibi. Akakataa kukaa, akazunguka chumbani akiwaambia waseme walichoamua kweli, yeye anaweza kutunza siri kubwa kuliko hiyo. Dunois akalainisha mambo: shambulio la magharibi ni la kuwavuta tu, kazi yenyewe iko ng'ambo ya mto.

Kisha barua ya tatu na ya mwisho kwa Waingereza. Mpiga mbiu wake mmoja walikuwa wamemshikilia kinyume cha desturi ya vita, kwa hiyo safari hii aliifunga kwenye mshale na mpiga upinde akairusha. Wakaisoma na kumjibu kwa kumtukana kahaba. Alilia tena, kisha akanyamaza.

Ijumaa, 6 Mei: Les Augustins

Mlango wa mji ulikuwa na shida kabla ya mto. Gavana Raoul de Gaucourt alisimama langoni kuzuia watu wasitoke, kwa kuwa makapteni hawakutaka kupigana siku hiyo. Jeanne akamwambia upende usipende, askari watakwenda. Raia walikuwa upande wake, na Gaucourt alikiri baadaye kwamba alikuwa hatarini.

Kuvuka kulikwenda hivi: mashua hadi kisiwa kidogo katikati ya mto, kisha mashua mbili zikapangwa kuwa daraja kutoka kisiwani hadi ukingo wa kusini. Ni njia ya busara kwa vifaa vichache. Ubaya wake ni wembamba: watu wanavuka kwa mkururo mrefu, na waliotangulia wanabaki wachache kwa muda. Boma la kwanza, Saint-Jean-le-Blanc, walilikuta tupu. Walinzi walikuwa wamerudi Les Augustins, monasteri iliyogeuzwa ngome mbele ya Les Tourelles. Waliofika wakajiona hawatoshi, wakaanza kurudi, na Waingereza wakatoka kuwafukuza. Hapo Jeanne na La Hire walishusha mikuki na kugeuza farasi. Waliokuwa wakirudi nao wakageuka.

Langoni pa Les Augustins alisimama Mwingereza mmoja mkubwa, mwenye silaha kamili, akiziba njia peke yake. D'Aulon akamwonyesha fundi wa mzinga, Jean kutoka Lorraine, mtu mwenye shabaha ya kutisha, akamwangusha. Wawili wakakimbia hadi uzioni wakiwa wameshikana mikono kwa sababu walikuwa wamebishana nani jasiri zaidi. Wengine wakawafuata, ngome ikaanguka. Jeanne alikanyaga mwiba wa chuma wa ncha nne, aina inayotegwa ardhini dhidi ya farasi, ukamtoboa mguu. Akaamuru ngome ichomwe ili askari wasipotelee kwenye uporaji.

Ijumaa alikuwa na desturi ya kufunga. Usiku huo alikula. Akiwa mezani, kapteni mmoja akaja na uamuzi wa baraza: mji sasa una chakula, tungoje msaada wa mfalme. Ninyi mmekuwa na baraza lenu, akajibu, nami nimekuwa na langu. Akamwambia Pasquerel aamke mapema kuliko siku zote, maana kesho damu itanitoka juu ya titi.

Jumamosi, 7 Mei: Les Tourelles

Asubuhi wenyeji wake walimletea samaki wa mtoni. Akasema mtunzeni hadi usiku, nitarudi na Mwingereza wa kula fungu lake, na nitarudi kwa daraja. Daraja lenyewe lilikuwa limevunjika.

Ngome ilikuwa na sehemu mbili. Mbele, upande wa nchi kavu, ukuta wa udongo na matita ya kuni uliozungukwa na handaki refu. Nyuma yake, juu ya daraja, Les Tourelles yenyewe ya mawe, iliyoungana na ukuta huo kwa daraja dogo la mbao. Kuichukua kunataka hatua nne: kujaza handaki, kusimamisha ngazi, kupanda, kushinda juu. Asubuhi nzima hatua ya tatu ilishindikana. Ngazi zilisukumwa, waliopanda wakapigwa kwa shoka, mikuki, nyundo za madini ya risasi na hata kwa mikono. Ukuta wa udongo una sifa mbaya kwa mshambuliaji: mpira wa mzinga unazama humo badala ya kuvunja.

Mchana Jeanne akiwa kwenye ngazi alipigwa mshale kati ya shingo na bega, ukaingia karibu nusu futi. Alitolewa nyuma, akaogopa, akalia. Askari wengine wakataka kumsomea maneno ya uganga, akakataa: afadhali nife. Jeraha likawekwa mafuta ya zeituni na mafuta ya nguruwe. Akarudi.

Jioni, karibu saa mbili, Dunois aliona hakuna ushindi siku hiyo, akataka baragumu ya kurudi ipigwe. Jeanne akamwomba angoje kidogo. Akapanda farasi, akaingia peke yake kwenye shamba la mizabibu, akasali kwa dakika saba au nane. Wakati huohuo d'Aulon alikuwa amepata wazo lake: aliyeibeba bendera amechoka, akampa mtu wa Kibasque aliyemwamini, wakashuka naye handakini chini ya ngao. Jeanne aliporudi akaiona bendera yake mikononi mwa mgeni, akaushika mkia wake na kuung'ang'ania. Bendera ikatikisika. Askari wakadhani ni ishara. Kwa hiyo shambulio lililoamua mzingiro lilianza, kwa sehemu, kwa kutoelewana, na safari hii ngazi hazikurudi chini. Walinzi wa ukuta walikuwa wamepigana tangu asubuhi, na watu wa akiba hawakuwapo.

Nao raia hawakukaa. Walisukuma chini ya daraja dogo mashua iliyojazwa kuni, lami na kila kitu kinachonuka kikiungua, wakaiwasha. Glasdale na wenzake waliporudi nyuma kuelekea kwenye mawe, mbao zikakatika. Wakazama kwa uzito wa silaha zao. Upande wa mjini mafundi walilaza mbao kuvuka matao yaliyovunjwa. Moja ilikuwa fupi, seremala akaiungia kipande na kuitegemeza. Wa kwanza kupita juu yake, akiwa na deraya yote, alikuwa Nicole de Giresme, askari mtawa wa shirika la Rhodes. Walinzi waliobaki wakajikuta wamebanwa pande zote mbili.

Jeanne alirudi kwa daraja usiku huo. Jeraha likafungwa upya, naye akala mkate uliochovywa kwenye divai yenye maji.

Jumapili, 8 Mei

Alfajiri Waingereza waliobaki upande wa kaskazini walitoka mabomani na kujipanga kwa vita. Wafaransa wakajipanga mbele yao. Jeanne alivaa shati jepesi lililofumwa kwa pete ndogo za chuma, kwa kuwa bega halikuweza kubeba bamba. Akakataza kuanza: wakishambulia jiteteeni, wakiondoka waacheni. Majeshi yakatazamana kwa saa nzima hivi. Akaagiza altare ya kubebeka, Misa mbili zikasomwa uwanjani. Kisha akauliza wamegeuza nyuso au migongo. Migongo, wakamjibu, wanaelekea Meung.

Makapteni wengi walitaka kufukuza. Kwa mtu anayehesabu mikuki, katazo hili lina akili ya kijeshi pia: wapiga upinde wa Kiingereza wakiwa wamejipanga uwandani ndipo wanapoua zaidi, na Wafaransa walikuwa na mifano ya kutosha, Rouvray ikiwa ya karibuni. La Hire aliwafuata kwa mbali na kikosi kidogo. Mizinga mizito, chakula na wagonjwa viliachwa mabomani, na raia wakabomoa vilivyobaki.

Baada ya hapo

Ndani ya siku chache Jeanne aliondoka kwenda kumtafuta Charles, kumhimiza aende Reims akavikwe taji. Jeshi lenyewe halikuweza kukaa pamoja: hapakuwa na chakula wala mishahara ya kulishikilia, kila kapteni akarudi kwake. Mwezi uliofuata lilikusanywa upya kwa ajili ya Jargeau, Meung na Beaugency, na Orléans ndiyo iliyolipelekea mashua, baruti na mizinga.